Kemia ya Kidato cha Tano na Sita: Binti wa Muuza Dagaa Anaenda Kukutana na Nini?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa na kayabo pale Mwaloni Kirumba. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha nne, kemia amepata B, na amepangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Kaka yake aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anamtisha kwamba kemia ya advansi ni mnyama mwingine, na kwamba wenye A za kidato cha nne hutoka huko na E. Sasa binti anataka kubadili tahasusi kabla hajaripoti. Mimi niliishia darasa la saba, sijui nimwambie nini. Huko wanasoma nini hasa? Na huu mwezi na nusu uliobaki, nimpeleke tuisheni?"

Jibu:

Marahaba mama, na mwangaluka. Nimefundisha kemia ya kidato cha tano na sita hapa Mwanza mpaka sasa nafundisha watoto wa wale niliowafundisha, na wazazi wanaouliza "wanasoma nini hasa" ni wachache mno. Wengi huuliza ada.

Kaka mtu amesema kweli nusu. Nusu ya kwanza iko kwenye ngazi ya alama, wala haina uhusiano na ugumu wa somo. Kidato cha nne A inaanzia 75, B inaanzia 65 na C inaanzia 45. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40. Kwa hiyo mtoto aliyepata 46 akaitwa C, akienda na 46 hiyohiyo kidato cha sita anaitwa E. Mwenye 66 anashuka kutoka B hadi C bila kusahau hata neno moja. Ongeza na muda: wanaanza Julai, mtihani wa mwisho ni Mei. Watu husema "miaka miwili", lakini ukitoa likizo na mitihani ya majaribio hubaki chini ya hapo sana.

Nusu ya pili ndiyo ya somo lenyewe. Kidato cha nne mtoto huulizwa: ukichanganya hiki na kile, unapata nini? Kidato cha tano anaulizwa utapata kiasi gani, kwa kasi gani, kwa nini hukupata zaidi, na ungefanya nini upate zaidi. Vitu ni vilevile, maswali ndiyo yamebadilika. Mtoto aliyezoea kumeza daftari na kulitapika siku ya mtihani hukwama hapo, hata kama alikuwa na A.

Chukua maji. Binti yako anajua yanachemka kwenye nyuzi 100. Chovya kipimajoto kwenye sufuria yako hapo Kirumba, kikigota kwenye 96 au karibu na hapo usikirudishe dukani, ni kizima. Ziwa letu liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku inasukuma kwa kanieneo ya kilopaskali 88 hivi, wakati ufukweni Dar es Salaam ni 101. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na msukumo wa hewa iliyo juu yake. Huku hewa ni nyepesi, maji hayana haja ya kufika 100. Kidato cha nne jibu ni namba. Kidato cha tano jibu ni sababu, kisha wanamwambia aikokotoe.

Sasa nikueleze mada zenyewe, na nitakaa zaidi pale panapowaangusha watoto.

Kemia hii ina matawi matatu makubwa na vitawi viwili vidogo. La kwanza ni kemia ya hesabu, ambayo walimu huiita kemia fizikia. Inaanza na atomi: elektroni zimekaaje, kwa nini obitali moja haibebi elektroni zaidi ya mbili, mwanga wa haidrojeni unatueleza nini. Hapa watoto hufurahi kwa kuwa kuna michoro. Halafu vifungo vya kemikali, halafu gesi, halafu miyeyusho, na kwenye miyeyusho ndipo vicheko hukoma.

Na hapo ndipo biashara yako inapoingia, mama. Kayabo huwekwa chumvi kwa nini? Utasema isioze. Sawa, ila chumvi inazuiaje kuoza? Kwenye mada ya sifa za miyeyusho wanajifunza kwamba maji hupita kwenye ngozi nyembamba kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Chumvi uliyompaka sangara inavuta maji kutoka kwenye nyama yake, na inavuta pia maji kutoka kwenye bakteria waliokuja kumla. Nguvu ya mvuto huo ina hesabu yake. Gramu 58.5 za chumvi kwenye lita moja ya maji, siku ya joto la kawaida la Mwanza, kwa hesabu ya darasani inatoa msukumo wa karibu mara 49 ya ule wa hewa ya usawa wa bahari. Na hiyo ni chumvi kidogo tu ukilinganisha na unayotumia wewe. Bakteria hana pa kukimbilia.

Lakini mwanafunzi hawezi kuifanya hesabu hiyo kama hajui moli, na moli, mama, ndiyo inayowazika wengi. Ngoja nikueleze wewe, kwa sababu wewe utaielewa kuliko wao. Hakuna mteja anayekuja Mwaloni kununua dagaa 4,312. Dagaa ni wadogo, hawahesabiki, kwa hiyo mnapima kwa kisado na debe. Atomi ni ndogo zaidi, kwa hiyo wanakemia nao wana debe lao, ndiyo moli. Tofauti ni moja: debe lako lina ujazo uleule lakini idadi inabadilika, debe la dagaa na debe la karanga hazina punje sawa. Moli ni kinyume. Idadi haibadiliki kamwe, ni 6.02 ikifuatwa na kusogeza nukta mara 23, kinachobadilika ni uzito. Moli moja ya maji ni gramu 18, ya chumvi gramu 58.5, ya sukari gramu 342. Basi. Mtoto aliyeshika hilo hadi likaingia kwenye damu, nusu ya kemia fizikia inamfungukia. Aliyelikariri kama fomula anateseka hadi Mei ya pili.

Baada ya miyeyusho kuna mada ya vimiminika viwili vilivyochanganywa, na hapa darasa zima huamka kwa kuwa mfano wake ni gongo. Mpika gongo hutenganisha pombe na maji kwa mvuke, pombe ikitangulia kwa sababu inachemka mapema. Swali la mtihani ni hili: akirudia kuipika mara mia, atapata pombe tupu? Hapati. Ikifika kama asilimia 95.6 mvuke unakuwa na mchanganyiko uleule ulio chini, na hata angepika hadi kiama haisogei. (Sifundishi kupika, kwanza ni kosa kisheria, na mapipa ya mtaani hutoa pia vitu vinavyopofusha. Lakini mfano ni mfano.)

Kisha kuna joto la mmenyuko, msawazo, kasi ya mmenyuko, asidi na besi, umumunyifu, na kemia ya umeme. Msawazo maana yake ni kwamba mimenyuko mingi haiishi, inakwenda na kurudi kwa wakati mmoja hadi pande mbili zitoshane. Mfaransa Le Chatelier alieleza mwaka 1884 kwamba ukiusumbua msawazo, nao hujisogeza kupunguza usumbufu huo. Kiwanda cha mbolea ndicho mfano wa vitabu vyote: naitrojeni na haidrojeni hutoa amonia nyingi zaidi penye ubaridi, lakini penye ubaridi mmenyuko hujikokota, kwa hiyo wenye viwanda wanapatana katikati, nyuzi 450 hivi, kanieneo kubwa, na chuma kama kichocheo. Kasi ya mmenyuko unaijua tayari kwa barafu ya samaki. Kanuni ya makadirio husema kila nyuzi 10 zikipungua, kasi hukatika karibu nusu. Kutoka nyuzi 30 za mwaloni hadi sifuri ya barafu ni hatua tatu, yaani kasi ya kuoza inabaki moja ya nane. Kemia ya umeme mtoto anaisoma juu ya paa. Bati lenye zinki likikwaruzwa halishiki kutu upesi kwa sababu zinki inajitoa kwanza, na anapewa namba mbili tu za volti, −0.76 ya zinki na −0.44 ya chuma, aeleze nani atajitoa na kwa nini.

Tawi la pili ni la metali na jedwali la elementi. Nikiri upendeleo: sehemu kubwa ya tawi hili ni kukariri, na hunichosha hata mimi. Lakini ndani yake kuna mada ya elementi za mpito, zile metali zenye rangi na tabia za kukumbatia molekuli nyingine, na kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa hiyo ni mada ya nyumbani.

Dhahabu haiyeyuki kwenye maji wala kwenye asidi ya kawaida, ndiyo maana pete ya bibi bado inang'aa. Sasa wachenjuaji wa Geita na huku kwetu wanaitoaje kwenye yale marudio, mchanga ambao zebaki ilishapita ikaacha vumbi la dhahabu lisiloonekana kwa macho? Wanautia sianidi. Ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) mbili za sianidi zinaikumbatia atomi moja ya dhahabu, moja huku na moja huku, na dhahabu iliyokataa kila kitu inayeyuka kama sukari. Hewa lazima iwepo, kwa sababu ni oksijeni inayoinyang'anya dhahabu elektroni: atomi 4 za dhahabu, sianidi 8, molekuli 1 ya oksijeni na 2 za maji. Kisha maji hayo yanapitishwa kwenye kaboni, dhahabu inang'ang'ania huko.

Kabla ya sianidi, lakini, humwagwa chokaa. Kijana anayefanya kazi kwenye mtambo ukimuuliza kwa nini, atakwambia "ndivyo inavyofanyika". Mwanafunzi wa kidato cha sita ana jibu. Sianidi ikikutana na asidi hugeuka gesi, na gesi hiyo inaua. Asidi ya sianidi ni dhaifu, na pH, yaani kipimo cha uasidi, ikiwa 9.2 nusu yake iko salama kwenye maji na nusu iko tayari kuruka hewani. Chokaa inapandisha pH juu ya 10 ili karibu yote ibaki majini. Na pH ni logi: kutoka 9 kwenda 10 hakuongezi kidogo, ni mara kumi. Hesabu ile ya asidi dhaifu ambayo watoto huiona adhabu ya Jumatatu asubuhi ndiyo hiyohiyo inayomrudisha mchenjuaji nyumbani jioni.

Tawi la tatu ni oganiki, yaani kemia ya kaboni, na ni kubwa. Haidrokaboni, benzini na ule mduara wake ambao Kekulé aliupendekeza mwaka 1865, alkoholi, aldehaidi na ketoni, asidi za kaboni, amini, polima. Walimu wengine huifundisha kama orodha ya majina, na watoto huichukia. Mimi naifundisha kama njia za daladala: uko kituo hiki, unataka kile, unapanda nini, unashukia wapi? Swali la mtihani huwa ndilo hilo, geuza kitu A kuwa D kwa hatua tatu. Mafuta ya mbegu za pamba ukiyapika na magadi makali (kostiki soda) yanakuwa sabuni na gliserini, na ukitia chumvi sabuni inajitenga juu. Nyavu za nailoni ni molekuli mbili zilizoshikana mikono kwa zamu, moja ya asidi na moja ya amini, maelfu kwa maelfu. Na ile harufu inayokufuata kutoka mwaloni hadi kwenye daladala, mama, ni amini. Ndiyo maana limau linaisaidia: asidi ya limau inaipa amini haidrojeni, inageuka chumvi isiyoruka, pua haiipati tena. Binti akijua hilo, mada nzima ya amini ana pa kuitundika.

Vitawi viwili vidogo ni kemia ya udongo na ya mazingira. Watoto huviita "vya bure", hawavisomi, na alama huwapotea hapohapo. Mazingira kwetu ni ziwa. Mbolea na maji machafu huleta naitrati na fosfati, magugu maji na mwani hunenepa, vikifa vinaozeshwa na bakteria, na bakteria hula oksijeni. Lita moja ya maji ya joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni usawa wa bahari, kwetu ni pungufu kidogo kwa sababu ileile ya hewa nyepesi. Hakuna akiba kubwa ya kuchezea. Samaki wakielea alfajiri, watu huanza kunong'ona habari za sumu, na mara nyingine sababu ni kukosa pumzi tu.

Kuhusu vitendo nitakueleza kosa langu. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nafundisha, bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo ya kudondoshea kimiminika, zilikuwa nane na wanafunzi zaidi ya sitini. Nikaamua nadharia kwanza, vitendo tutavifanya kidato cha sita. Vitendo vina karatasi yake ya tatu kwenye mtihani, na vina mambo matatu ya kudumu: titresheni (kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine, kama asidi kwenye besi, hadi vitoshane), kutambua chumvi isiyojulikana, na jaribio la kasi, joto au kitu cha aina hiyo. Wale watoto walijua kukokotoa kila kitu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka. Walipitisha tone, wakasoma bureti kwa jicho la juu, wakaandika namba moja baada ya nukta badala ya mbili. Niliona matokeo nikajua ni ya kwangu, si yao. Kwa hiyo binti akiripoti, swali lako la kwanza kwa mwalimu wa kemia liwe: vitendo vinaanza lini? Akisema kidato cha sita, ungana na wazazi wengine mkaulize tena.

Sasa tahasusi. Kama anataka kukimbia kemia, ajue CBG (kemia, baiolojia na jiografia) nayo ina kemia ileile, mtihani uleule. Kinachobadilika ni fizikia kuwa jiografia. Akienda HGL au HGK (ile yenye Kiswahili badala ya Kiingereza) ameiacha kweli, na ameacha pia njia ya moja kwa moja ya udaktari, ufamasia na maabara. Ningemuuliza kitu kimoja: anaogopa, au haipendi? Anayeogopa aende. Anayeichukia hesabu kutoka moyoni, na kila akiona logi anaumwa kichwa, simlazimishi, kwa kuwa PCB kuna fizikia na hisabati ndogo ya BAM pia, na logi zitamfuata kote.

Tuisheni ya kumfundisha mada za kidato cha tano kabla hajafika, usitoe hela. Atafundishwa tena, na mara nyingi atakuwa amefundishwa vibaya mara ya kwanza. Mwezi na nusu huo arudie vitu vinne vya kidato cha tatu na cha nne: moli, hesabu za titresheni, kusawazisha milinganyo, na mwanzo wa oganiki. Hela ya tuisheni mnunulie kikokotozi cha kisayansi, kile kisichopangwa programu, azoee kitufe cha logi na cha kinyume chake. Na aandike. Somo lote linafundishwa kwa Kiingereza, na swali la "eleza kwa nini" linataka sentensi tatu zenye sababu, si neno moja. Awe anakueleza wewe kwa Kiswahili au Kisukuma jioni mkipanga dagaa, akishaweza hapo atafute maneno ya Kiingereza. Darasa la saba lako linatosha kabisa kwa kazi hiyo, mradi usikubali jibu ambalo hukulielewa.

Kabla hamjaamua lolote, mjaribu na hili, bila daftari. Sufuria mbili, kila moja ina kilo moja ya maji. Moja itiwe gramu 342 za sukari, nyingine gramu 58.5 za chumvi. Ipi itachemkia joto la juu zaidi? Akisema sukari kwa kuwa ni nyingi, bado anapima kwa kilo na hajafika kwenye moli. Aanzie hapo, mwezi na nusu unatosha. Akisema zinalingana kwa kuwa kila moja ni moli moja, yuko karibu sana. Muulize chumvi ikiingia kwenye maji inafanya nini, kisha unyamaze. Akisema chumvi, kwa sababu kila kipande chake hugawanyika kuwa viwili na sukari haigawanyiki, mfungie begi.